Jina Lililorukwa Kwenye Daftari

Sioni haya kusema kwamba napenda kuongoza. Nilizaliwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto tisa pale Dutwa, na kabla sijaanza shule nilikuwa tayari nagawa kazi: wewe kuni, wewe maji, wewe ndama. Mama alikuwa akiwauliza majirani ni mwanamume gani atakayekubali kupangiwa zamu na huyu. Alisema kwa utani, lakini utani wake ulidumu kuliko alivyokusudia. Ninapoingia kwenye habari hii nina miaka thelathini na moja, nimesoma shule za bweni tangu darasa la tano, sijaolewa, na kwa hiyo sijawahi kuwa na wakwe. Naomba msomaji alishike hilo la wakwe, kwa sababu ndipo nilipojikwaa.

Nilikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka kilipoyumba, tukapunguzwa kazini. Ndiyo miaka ambayo soko huria liliingia kwenye pamba. Mkulima aliyezoea mnunuzi mmoja tangu enzi za babu yake, ghafla akakuta mizani ya matajiri watatu kwenye kijiji kimoja, kila mmoja anamwita kwa jina la ukoo wake. Bariadi, ambayo wakati huo bado ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, ikajaa malori, vumbi na watu wenye mipango. Mmoja wa watu hao alikuwa tajiri wa Mwanza aliyejenga kiwanda cha kuchambua pamba nje kidogo ya mji. Aliniajiri kuwa afisa utumishi. Nilipata meza, kabati lenye kufuli, na mamlaka ambayo nilikuwa nimeyangoja tangu enzi za ndama.

Msimu wa kwanza tulifundishwa na mkanda. Mkanda wa mashine ulikatika saa mbili asubuhi. Fundi alikuwepo. Mkanda wa akiba ulikuwepo stoo. Ufunguo wa stoo ulikuwa umetundikwa ukutani, kila mtu anauona. Mashine zikalala mpaka saa tisa alasiri, kwa sababu meneja alikuwa msibani Maswa. Nilipomuuliza fundi kwa nini hakuchukua ufunguo, alinitazama kwa huruma. "Dada afisa," akasema, "nikiulizwa nani amenituma, ningejibu nini?"

Tajiri alipopata habari hiyo alikuja mbio na dawa yake mkononi. Angeleta wanyapara kumi kutoka Mwanza, watu wenye sauti nene, awaweke kila kona. Mimi nilikataa. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya wiki moja na kichwa kilikuwa bado cha moto. Nikamwambia nyapara atamfanya mtu afanye kazi akiwa amesimama nyuma yake, na akienda kunywa chai kazi nayo inakwenda kunywa chai. Tuwe na kiongozi katika kila ngazi, nikasema: kwa wapakuaji wa malori, kwa wanawake wanaochagua pamba, mashineni, kwenye marobota, hata kwa wafagiaji. Watu wa hapahapa. Nitawafundisha mwenyewe.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara na wanyapara wanakula. "Msimu mmoja," akasema. "Ukishindwa, wanyapara wangu watakuja na lori, na wewe utapanda lori hilohilo likirudi."

Nilikubali bila kupepesa macho. Leo nikikumbuka nafikiri ningepepesa kidogo.

Basi kila Ijumaa baada ya kazi niliwakusanya viongozi wangu wapya kwenye banda la marobota, tukakaa juu ya pamba iliyoshindiliwa, nikawafundisha. Namna ya kutoa taarifa fupi. Namna ya kumkosoa mtu bila kumtukania mama yake. Jambo gani uamue mwenyewe na jambo gani ulilete ofisini. Ukutani nilibandika karatasi yenye maandishi makubwa: KUULIZA SI UJINGA. Nilimaanisha wao waniulize mimi. Haikunipitia akilini kwamba karatasi ile ilikuwa inaniangalia na mimi.

Na mambo yalienda. Siwezi kujifanya mnyenyekevu kwa jambo lililokwenda vizuri. Kiongozi wa wapakuaji aligundua kwamba malori yakiingia kwa mlango wa nyuma hayagongani, akabadilisha mlango bila kuniuliza, nikampa mkono mbele ya wenzake. Kiongozi wa wafagiaji, mama mwembamba aliyekuwa hata hasemi, alimzuia mhasibu mlangoni kwa fagio kwa sababu alikuwa na sigara inayowaka. Mhasibu alikuja kunishtakia. Nikamwambia aende akaombe radhi kwa fagio.

Kasoro ilikuwa banda la kuchagulia pamba. Wanawake arobaini walikaa pale kwenye maturubai, pamba ya wakulima imemwagwa mbele yao, wakitenga iliyo safi na ile fifi, yenye madoa na majani. Kiwanda kizima kilisimama juu ya vidole vyao. Fifi ikipenya ikaingia mashineni, robota zima linashuka daraja, na tajiri anapiga simu. Banda lile lilihitaji kiongozi hodari, anayejua kusoma, kwa kuwa asubuhi lazima aite majina na kutia alama kwenye daftari la mahudhurio. Wanawake wenyewe wengi hawakuwa wamesoma. Nikamchagulia mwanamume mmoja kutoka upande wa marobota, mtu wa miaka kama ishirini na minane, mtulivu, mwenye mabega. Kijijini kwake alikuwa nsumba ntale, yaani mkuu wa vijana, yule wanayemteua wenyewe kuongoza kundi la kulima mashamba ya watu kwa zamu. Mtu aliyeweza kuwalimisha vijana hamsini kwa mdomo tu angeshindwa nini kwa kina mama waliokaa?

Nilipompeleka bandani kumtambulisha, wanawake waliinamisha vichwa. Wengine walikuwa wanacheka kwenye kanga. Niliuliza kama kuna mwenye neno. Mama mmoja mnene aliyekuja kutoka Lalago, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akasema, "Mwanangu, ungetuuliza kabla hujaja naye."

"Nimewauliza sasa," nikajibu.

"Haya," akasema. "Umetuuliza."

Siku tatu baadaye yule mwanamume alikuja ofisini akasimama bila kukaa. Alikuwa ameshika daftari kwa mikono miwili. "Afisa," akasema, "kwenye daftari hili kuna jina moja limenishinda."

Nikamwonea huruma. Nilidhani kusoma kumemshinda. Nikamvutia kiti, nikafungua daftari, nikaanza kumfundisha silabi kwa silabi, majina yote arobaini, mtu aliyemaliza darasa la saba na kuandika barua za nusu ya kijiji chake. Alisoma yote vizuri. Moja aliliruka, nikalisoma mimi kwa sauti, nikamwambia arudie. Alitazama sakafu. "Sasa wewe," nikamwambia, na Mungu anisamehe, "ukishindwa na jina moja utaongozaje watu arobaini?" Akafunga daftari, akashukuru, akaondoka. Nilijisikia nimefanya kazi nzuri asubuhi ile.

Nilikuwa na desturi ya kupita mabandani na daftari langu dogo la kuandika tabia za watu. Siku hizo niliandika habari za mwanamke mmoja wa makamo, ambaye jina lake sikuwa nimeliuliza, mchaguaji mzuri kuliko wote, vidole vyepesi, fifi haimpiti. Nikaandika: "Kazi safi. Hana heshima. Kiongozi akiingia humgeuzia mgongo na kujifunika kanga usoni." Nikapiga mstari chini ya neno heshima. Niliandika pia kwamba kiongozi mwenyewe hafiki kwenye kona ya mwanamke huyo, kwa hiyo huenda anamwogopa. Na kwamba kiongozi hamwiti yule mama mwenye mdomo kwa jina lake kama anavyowaita wengine bali "wa Lalago", jambo lisilo la kiofisi. Niliyaandika yote matatu kwenye ukurasa mmoja. Mtoto wa Dutwa, Msukuma wa baba na mama, niliyaandika na sikuyasoma.

Baada ya wiki mbili nilikagua daftari la mahudhurio. Majina thelathini na tisa yalikuwa na alama. Moja lilikuwa na vyumba vitupu siku kumi na moja mfululizo. Kanuni yetu, ambayo niliitunga mwenyewe, ilisema siku sita bila taarifa mtu ameachishwa. Nikaandika barua, nikapiga muhuri, nikampa kiongozi wao apeleke. Jioni barua ilikuwa imerudi mezani kwangu, imelazwa chali. Nikamwita. Nikamwambia kuongoza si kupeleka habari tamu tu. Barua alikataa kuigusa.

Nilipandwa na hasira. Asubuhi iliyofuata nilikwenda bandani mwenyewe, nikamkuta amesimama mlangoni na daftari lake. Nikampita. Nikasimama katikati ya maturubai nikaita lile jina kwa sauti ya gwaride. Mara ya kwanza, vidole vikasimama juu ya pamba. Mara ya pili, kwa sauti zaidi. Nyuma yangu nikasikia daftari limeanguka, na nilipogeuka yule mwanamume alikuwa anatembea kwenda nje, karibu anakimbia.

Kwenye kona, mkono ukanyooka kutoka chini ya kanga. "Nipo," sauti ikasema. Alikuwa yule mwenye vidole vyepesi.

"Hujafika kazini siku kumi na moja!" nikamwambia.

Alikuwa amekaa mbele ya kilima cha pamba aliyoichagua. Alikitazama kile kilima, kisha akanitazama mimi. Mtu mmoja akacheka, halafu wa pili, halafu banda zima, wakicheka mpaka machozi. Nilisimama pale na barua yangu nikiwa mpumbavu pekee mwenye muhuri wilaya nzima. Yeye peke yake hakucheka.

Mama wa Lalago ndiye aliyenionea huruma. Alijifuta macho akasema, "Mwanangu, yule uliyetuletea kaoa kwa huyu. Huyu ni mkwewe. Atamtajaje jina? Mimi mwenyewe jina langu la nyumbani ni hilohilo, ila daftarini nimeandikwa la ubatizo. Umewahi kumsikia akiniita?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Nilijua. Neno "mkwe" lilipotoka tu nilijua kila kitu, kwa sababu nilimwona baba yangu mzazi akiacha njia na kuingia kwenye mtama mama mkwe wake alipotokea, na nilimwona bibi akijifunika. Nilikuwa nimelijua jambo hilo kabla ya kujua kusoma. Lakini watu thelathini na tisa walikuwa wamenicheka, na kiburi changu kilikuwa bado kimesimama. Nikasema, "Kazini hakuna ukwe."

Vicheko vikakatika. Yule mwanamke akaikunja kanga yake taratibu, akanyoosha mkono, akapokea barua. "Nimeipata," akasema. "Nakwenda." Aliinuka akaondoka. Mama wa Lalago akakung'uta gauni, akamfuata. Kisha yule aliyekuwa karibu naye, kisha mwingine. Hakuna aliyepiga kelele wala kunitukana. Walitoka kama watu wanaotoka msibani, na mimi nikabaki na maturubai.

Pamba iliyokwisha kuchaguliwa ilitosha mashine mpaka jioni ya siku iliyofuata. Jumamosi tajiri angekuja, na ilikuwa Jumanne. Nilikaa ofisini nikahesabu kwa vidole, nikaona lori la wanyapara waziwazi, na mimi nimekaa nyuma juu ya matairi. Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa lori. Nilikuwa nimemwonea mtu huruma kwa kutojua kusoma, kumbe aliyeshindwa kusoma ni mimi.

Alfajiri ya Jumatano nilichukua baiskeli nikashika njia ya Dutwa. Kwake ni kijiji cha pili kutoka kwetu, jambo lililozidisha aibu, maana huko kila mtu alinijua tangu nikichunga ndama. Nilimkuta anaanika pamba yake mwenyewe juu ya kichanja. Nilipiga magoti. "Mwangaluka, mayu," nikasema, yaani umeamkaje, mama, na ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka mzima kusalimia mtu wa kiwandani kwa lugha ya nyumbani.

"Mwangaluka," akaitikia, akaniletea kigoda kana kwamba nilikuwa nimekuja kwa heri.

Nikamwambia nimekosa. Nilisema bila kuzunguka: nimekosa kwa barua, nimekosa kwa kuita jina lake mbele ya mkwewe, na nimekosa zaidi kwa neno la mwisho. Aliendelea kuanika. Kisha akaniuliza, "Na yule umemfanya nini?"

"Nani?"

Alielekeza kidevu upande wa mji. Hakutaka kumtaja. "Asiondolewe kwenye uongozi," akasema. "Kuongoza anajua. Nilimwona akilimisha vijana kwenye shamba langu, jua kali, hakumtukana mtu, na mstari wake ndio uliokuwa mbele. Ndiyo maana nilikubali amchukue binti yangu. Mwondoe mbele yangu tu."

Nilitaka kulia, na nililia kidogo. Mama huyu alikuwa amefanya kazi siku kumi na moja bila kuitwa, akijua kwamba daftari linamla siku zake, ili asimwaibishe mkwewe. Na mkwewe alikuwa amevumilia kufundishwa silabi ili asimwaibishe yeye. Wote wawili walikuwa wakimlinda mwenzake huku mimi naandika "hana heshima" na kupiga mstari.

Nikaomba ile barua niichane. Akaitoa kwenye pindo la kanga, akaitazama, akairudisha. "Niachie," akasema. "Sijawahi kuandikiwa barua."

Mchana ule alirudi kazini, na wenzake wakarudi naye. Mimi sikurudi ofisini. Nilivua viatu nikakaa kwenye turubai kati yake na mama wa Lalago, nikachagua pamba siku ile na iliyofuata, na vidole vyangu vilikuwa vya mwisho bandani. Walinitania bila huruma. Nikipitisha fifi wanainyanyua juu wote waione: "Hii ni ya afisa!" Niliposikiliza nikaelewa kwamba banda lile lilikuwa na kiongozi tangu siku ya kwanza. Mtu akiwa na shaka na pamba, alikuwa anairusha kwenye kona, kwa yule mwenye vidole vyepesi. Ikirudi upande wa kulia ni safi, ikirudi kushoto ni fifi, na hakuna aliyebishana.

Alhamisi jioni niliwaambia wachague wenyewe. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai.

"Lakini sijui kusoma," akasema yule waliyemchagua. "Nitaitaje majina?"

"Uliza wewe sasa," mama wa Lalago akaniambia, "maana umezoea kutuuliza."

Nikauliza. Akanionyesha banda kwa mkono. Kila mwanamke ana mahali pake pa kukaa, akasema, akikosekana turubai linabaki wazi. "Nikiingia nikatazama chini nimeshajua nani hayupo, na najua mtoto wake anaumwa nini." Kuanzia siku hiyo aliangalia sakafu, akaniambia, nikatia alama mimi. Daftari letu la mahudhurio halikuwahi kuwa sahihi namna ile.

Mkwewe nilimrudisha kwenye marobota, awe kiongozi wa huko. Nilimwomba radhi ofisini, mlango ukiwa wazi ili wenzake wasikie. Alisema, "Yamekwisha, afisa," kisha akatabasamu kidogo. "Lakini silabi zako zilinisaidia. Mwandiko wangu umekuwa mzuri."

Tatizo likawa kwamba marobota na banda la kuchagulia ni idara zinazohitaji kusemezana kutwa, na hawa wawili hawawezi kusemezana. Mimi, mwenye cheti na muhuri, nikawa wa kutumwa. "Mwambie yule, robota la jana lilikuwa na majani." Nakwenda. "Mwambie yule, majani ni ya lori moja tu, tumelitenga." Narudi. Baada ya wiki moja nikaona hawanitumi tena. Kumbe walikuwa wamepata njia: kikapu kidogo, ndani yake kipande cha pamba chenye kasoro, na yule mama wa ufagio anakibeba kwenda na kurudi kila anapopita kufagia. Pamba yenyewe ilisema yote. Nilikasirika kidogo kwamba hawanihitaji, halafu nikafurahi kiasi cha kujinunulia soda.

Jumamosi ile ya kwanza tajiri hakuja, gari lake liliharibika njiani. Alikuja mwishoni mwa msimu bila kutoa taarifa, kama wafanyavyo watu wanaotaka kuona ukweli, siku ambayo mimi nilikuwa Lalago kwenye kituo cha kununulia. Nilirudi alasiri nikaona gari lake getini. Mashine zilikuwa zinaunguruma, malori yanaingia kwa mlango wa nyuma. Nikamkuta amekaa nje ya banda la kuchagulia, juu ya gunia, miguu mitupu. Soksi zake zilikuwa zimetiwa vizuri ndani ya viatu.

"Nimevuliwa viatu," akaniambia.

"Na nani, mzee?"

Alionyesha ndani kwa kidole gumba. Alikuwa ameingia na vumbi lake la barabarani akakanyaga turubai la pamba safi. "Yule mama anajua mimi ni nani?" akauliza.

Mama wa Lalago alikuwa amesikia, kama kawaida yake. "Tulimwambia," akasema kutoka ndani. "Akasema kama ndiye mwenye pamba, basi awe wa kwanza kuvua."

Nilisubiri. Msimu mzima, wanyapara kumi, lori na mimi juu ya matairi, vyote vilikuwa usoni mwa mtu yule. Alitazama vidole vya miguu yake kwa muda. Kisha akauliza ni nani aliyeweka kengele ya kuonya mkanda ukilegea kwenye mashine ya tatu, nikamwambia ni fundi. Akauliza fundi alitumwa na nani. Nikasema hakutumwa. Akavaa soksi moja, akavaa ya pili. "Waandikie barua," akasema. "Viongozi wote, mpaka wa wafagiaji. Waajiriwe wa kudumu. Na wewe, punguza makelele, nasikia unaita watu kama jeshini."

Siku ya pili niliketi na kiongozi wa marobota anisaidie kuorodhesha majina ya barua zile, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa kweli umekuwa mzuri kuliko wangu. Alikuwa akitaja na kuandika: wapakuaji, mashineni, marobota, wafagiaji. Alipofika banda la kuchagulia akanisogezea kalamu. Sikumuuliza kitu. Nikaliandika mwenyewe, polepole, kwa herufi kubwa, naye akageukia dirishani mpaka wino ukakauka.

Barua ya banda hilo sikumtuma mtu aipeleke. Nilivua viatu mlangoni nikapita kati ya maturubai mpaka kwenye kona, nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili. Aliigeuza, akautazama muhuri ambao alishaufahamu.

"Hii nayo inasema niondoke?" akauliza.

"Hapana, mayu. Hii inasema ubaki."

Akafungua pindo la kanga. Ile ya kwanza ilikuwa bado humo, imekunjwa mara nne. Akaziweka pamoja, akafunga fundo, akarudi kwenye pamba.